Kikapu cha Chai Jikoni kwa Mama Wangechi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nguruwe mfu kabla sijapewa kiti. Nilikuwa nimevaa sketi iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na viatu ambavyo mama alivipaka rangi mpaka vikang'aa, nikiamini kwamba ofisi ya mifugo ya Nyeri ilikuwa na meza na kalamu kama ofisi nyingine zote. Daktari wa Mifugo wa Wilaya alinitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndiye Nyawira? Karibu. Vua hiyo sweta nzuri, uvae gambuti."

Nyuma ya ofisi, juu ya meza ya saruji, alilala nguruwe mweupe mkubwa. Daktari alinipa glavu za mpira zilizonizidi mikono, akasimama kando na mikono yake mfukoni.

"Unaona nini?"

"Nguruwe aliyekufa."

"Hiyo hata askari wa gate ameona. Nini kingine?"

Niliona mabaka mekundu mgongoni, yenye pembe nne. Akaniambia nifunge macho nipitishe mkono. Nikayahisi: yalikuwa yameinuka juu ya ngozi, kila moja na ukingo wake. Tuliuita ugonjwa huo ugonjwa wa almasi kwa sababu ya umbo la mabaka hayo. Daktari alinieleza kwamba husababishwa na bakteria, vijidudu hai ambavyo huvioni bila hadubini, na kwamba hawa wanaweza kukaa kwenye udongo wa banda wakimsubiri nguruwe mwingine. Penisilini huwamaliza kama mkulima akikuita mapema. "Na hizo glavu si za urembo," akaongeza. "Ukiwa na kidonda kidoleni, wanaingia kwako pia." Kisha akauliza tena, "Nini kingine?"

Kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake, hayo ndiyo maneno niliyoyasikia kuliko jina langu. Ukimwambia mnyama ana homa, nini kingine. Ukimwambia ana homa na hali chakula, nini kingine. Wenzangu yaliwachosha. Mimi yaliniingia kama ugonjwa, na sijapona mpaka leo.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wakati wasichana tuliotoka chuo cha mifugo tungeweza kukaa wote kwenye benchi moja. Wakulima hawakujua wanifanyie nini. Mzee mmoja aliponiona nikishuka kwenye Landrover na sanduku la dawa alimwita mke wake, akidhani mimi ni mwalimu wa mapishi. Nilipoomba kamba nimfunge fahali wake, alicheka mpaka akashika ua. Fahali hakucheka, lakini alifungwa.

Vijana wa leo hawawezi kuamini vifaa vyetu. Sindano zilikuwa za kioo na chuma, na tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa kabla ya kuzitumia tena. Penisilini ilikuja kama unga kwenye chupa ndogo, tukaichanganya na maji safi papo hapo. Mizani ya kupimia nguruwe hatukuwa nayo, kwa hiyo tulimzungushia kamba kifuani tukakadiria uzito, kisha dawa ikafuata uzito huo. Ukipunguza dawa, bakteria hawafi wote, na wale wanaobaki wanakuwa wakaidi. Daktari alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini mtu aliyepunguza dawa ili chupa ifike kwa wakulima wengi zaidi alimfokea mbele ya watu.

Baada ya muda nilipewa eneo langu mwenyewe, Tetu, ambako watu walikuwa na chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Nguruwe walikuwa wageni. Mtu aliyewafuga alitazamwa na jirani zake kwa jicho la kando, akisubiriwa afaulu ili waige au ashindwe ili waseme walijua. Wa kwanza kwenye kilima chetu alikuwa mjane mmoja, Mama Wangechi. Mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, ambaye kuni zake zilipangwa kwa urefu. Alikuwa na nguruwe jike wawili. Mmoja alimwita Mweru kwa weupe wake, na mwingine hakumpa jina, kwa sababu, alisema, huyo hakuwa na maneno mengi.

Mweru alipozaa mara ya kwanza, watoto walikuwa wazuri siku mbili, kisha wakaanza kuhara majimaji ya rangi ya njano. Waliisha wote kabla ya Jumapili. Huko ni kuhara kwa bakteria, na kila aliyewahi kufuga nguruwe anaijua harufu yake. Kitoto cha nguruwe huzaliwa bila akiba ya mafuta wala maji, na kikihara kinakauka huku unakitazama. Nilikuwa nimewapa dawa ya salfa kwa mdomo. Haikusaidia kitu.

Tulisugua banda kwa maji moto na soda ya kufulia, tukapaka chokaa ukutani, tukaweka mlangoni karai la dawa la kukanyaga kabla ya kuingia. Kisha akazaa yule asiye na jina, na watoto wake wakaishi wote, wanene, wenye kelele. Nikajipongeza. Halafu Mweru akazaa mara ya pili, katika banda lile lile safi, na wote wakafa kwa kuhara kule kule.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nilichukua sampuli za kinyesi, za waliokufa na za wale wanene, nikazipeleka Nyeri. Majibu ya maabara yaliporudi Daktari aliniita ofisini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikuna kichwa.

"Waliokufa wana bakteria wa kuhara," alisema. "Na walio hai wanao pia. Hao hao."

"Sasa mbona hawa hawakufa?"

"Hiyo ndiyo swali. Ukipata jibu, uniambie, kwa sababu mimi sina." Akageukia dirisha. "Lakini sikia, Nyawira. Kuna wengine watatu wamenunua nguruwe kwa hicho kilima. Kama hii kitu ni ya kuambukiza na sisi tunaangalia tu, tutawamaliza wote. Mweru anazaa tena lini?"

"Bado sana. Yule mwingine ndiye anazaa wiki ijayo."

"Basi watoto wa huyo wakifa, nguruwe wote wa huyo mama watachinjwa na banda lifungwe. Sitaki, lakini nitafanya."

Nilipeleka habari hizo Tetu mwenyewe. Mama Wangechi alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa banda, mkono wake juu ya mgongo wa Mweru. Karo ya binti yake Wangechi ilitoka kwa hao nguruwe. Shemeji yake naye alikuwa amekwisha sema mbele ya watu kwamba mjane hana kazi ya kufuga mnyama ambaye hata mume wake marehemu hakumjua, na kwamba lile banda lingekuwa shamba zuri la chai. Mama Wangechi hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani mimi nimekosa kufanya nini, ambayo hamjaniambia?"

Nikainama nikakagua tena karai la mlangoni.

Sasa, kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo hadithi hii isingekuwapo. Boma la Mama Wangechi lilikuwa kama maboma mengi ya wakati huo: nyumba kubwa ya mabati yenye sebule, na kando yake jiko, nyumba ndogo ya mbao iliyojitegemea, nyeusi kwa moshi. Mgeni wa heshima alikaribishwa sebuleni. Alikaa kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, akaletewa chai na nduma, magimbi ya kwetu. Jikoni kulikuwa kwa wanawake wa boma, na mwanamume mgeni aliyeingia humo angeshangaza hata paka. Kila nilipokuja na Daktari au na Afisa wa Mifugo wa Tarafa tulipitia bandani, tukanawa, tukakaa sebuleni. Mimi pia, kwa heshima ya gambuti zangu. Tulikunywa chai ya mama huyo mara nyingi mno, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ilipochemshwa.

Siku mbili tatu baadaye nilirudi peke yangu. Mvua ya Tetu ilinipata njiani, ile isiyo na haraka, na nilifika nimelowa mpaka soksi. Mama Wangechi akanifungulia sebule.

"Kaa hapa, mwanangu, nikuletee chai."

"Mama, mimi ni msichana wa hapa hapa. Nitakaaje peke yangu nikiletewa chai kama askofu? Twende kwa moto nikaushe miguu."

Alisita. Nilidhani anaona aibu kwa moshi. Nikacheka, nikamfuata, nikainama mlangoni, nikaingia.

Ilinichukua muda macho kuzoea giza. Mawe matatu ya meko, sufuria, kuku mmoja pembeni. Na karibu kabisa na moto, kikapu kikubwa cha kuchumia chai, kile wanachobeba mgongoni. Kilikuwa kimetandikwa gunia, na juu ya gunia sweta kuukuu nyekundu. Nilivuta kigoda nikakaa, nikaiokota ile sweta ili nipate nafasi ya kuweka soksi zangu. Ilikuwa imejaa vinywele vyeupe, vifupi, vigumu.

"Mama," nikasema, "hii sweta inavaliwa na nani?"

Hakucheka. Aliweka sufuria chini polepole.

"Usiambie watu."

"Nisiambie nini?"

"Wewe unajua hii baridi yetu. Mweru ilipozaa mara ya kwanza, ililalia watoto wawili hapo mbele ya macho yangu. Nikasema, hapana, haiwezekani, nikaleta hao wengine hapa saa hiyo hiyo. Sasa ikizaa, kila mtoto akitoka napanguza, naweka kwa kikapu, naleta hapa kwa moto. Wote. Nawapatia maziwa ya ng'ombe na kijiko, maziwa mzuri, ya ile ng'ombe yangu ya brauni. Silali. Kesho yake mama akishatulia, ndio narudisha." Akanitazama. "Lakini watu wakisikia nguruwe zinalala mahali napikia, nani atakula kwangu tena?"

"Na wale wa huyu mwingine, walioishi? Hao pia uliwaleta hapa?"

"Hao nilikosa. Nilikuwa Nanyuki, kwa matanga ya dada yangu. Nilirudi nikapata wamezaliwa na hakuna mtu amewagusa. Hao waliangaliwa na Mungu tu."

Nilisikia ile sauti ya Daktari kichwani, nini kingine, nini kingine, na safari hii hapakuwa na kingine. Nilifurahi kujua, na papo hapo furaha ikakatika, kwa sababu nilitambua nitakachopaswa kumwambia.

Ni hivi. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake akiwa bado tumboni. Nguruwe hapati kitu. Huzaliwa mtupu kabisa, na kinga yake yote iko katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, ya manjano. Tena ana muda mfupi wa kuipokea. Tumbo lake huiruhusu kinga ipite kuingia kwenye damu saa zile za kwanza tu, kisha linafunga mlango, na siku ikishapita hata umnyweshe dang'a ndoo nzima haitapita. Bakteria wa kuhara wako kila banda, hata lile safi kuliko yote. Mwenye dang'a anaishi nao. Asiye nayo wanamuua, na dawa yangu ya salfa haiwezi kufanya kazi peke yake.

"Mama Wangechi, ndama wa ng'ombe wako wa brauni akikosa dang'a, inakuwaje?"

"Ndama? Hawezi kufika mbali. Hiyo kila mtu anajua."

"Na hawa?"

Alikitazama kikapu. Niliona jinsi jibu lilivyokuwa likimjia, na natamani ningekuwa na njia nyingine ya kulifikisha.

"Lakini ndama ni mmoja," alisema kwa sauti ndogo, "na anasimama mwenyewe. Hawa ni wengi, na ni wadogo hivi. Mimi nilitaka tu wasisikie baridi."

"Najua."

"Wale wote?"

"Wale wote, mama."

Aliichukua sweta mikononi mwangu, akaanza kuitoa vile vinywele, kimoja kimoja, akivitupa motoni. Nilimwonea huruma kiasi kwamba sikuweza kunywa chai. Kisha akainua uso.

"Basi niambie nifanye nini, kwa sababu kulalia ataendelea kulalia."

Hapo ndipo nilipompenda mama huyo. Tulifanya kazi siku iliyofuata. Tulipigilia fito nene kuzunguka kuta za ndani za banda, juu kidogo ya sakafu, ili nguruwe akijitupa chini abaki na nafasi ukutani ambamo watoto wanaponea. Kona moja tuliizungushia mbao na kuifunika kwa gunia, tukaijaza nyasi kavu. Watoto wangepata joto hapo, wakiwa na mama yao. Aliniruhusu nimwambie Daktari, "lakini huyo mzee peke yake."

Yule asiye na jina alizaa asubuhi kweupe, nikiwa hapo. Kila mtoto alipotoka Mama Wangechi alimpanguza, na kila mara niliona mikono yake ikielekea mlangoni, upande wa jikoni, kabla hajaizuia na kumweka mtoto kwenye chuchu. Mdogo kabisa hakuweza kunyonya. Tukamkamulia dang'a kwenye kijiko, kile kile cha maziwa ya ng'ombe.

Daktari alikuja siku ya tatu, umri ambao watoto wa Mweru walianza kuhara. Aliingia bandani bila salamu ndefu. Mmoja tu alikuwa na kinyesi chepesi. Tulimpa dawa, na safari hii dawa ilikuwa na mwenzake wa kufanya naye kazi. Kesho yake alikuwa akipigania chuchu na ndugu zake.

Nilikuwa nimemweleza yote njiani. Alipotoka bandani, Mama Wangechi alimwonyesha mlango wa sebule kama kawaida. Daktari akavua kofia.

"Mama, leo kama hutajali, chai nitakunywa kule kwa moto."

Mama Wangechi akaenda kutafuta kigoda cha pili. Yule daktari mrefu aliinama mlangoni, akajigonga kichwa hata hivyo, akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Kuku alishangaa kweli. Daktari alikaa humo akiuliza maswali mpaka chai ikapoa: kisima kiko wapi, maziwa yanawekwa wapi, mabaki ya chakula yanakwenda kwa nani. Banda halikufungwa.

Msimu uliofuata tulifanya siku ya wakulima pale pale kwenye kilima. Daktari alinituma nieleze kuhusu dang'a, na nilikuwa nimepanga kusema "mkulima mmoja wa mahali fulani", kama nilivyoahidi. Kabla sijafungua mdomo Mama Wangechi alitokea nyuma ya watu na kile kikapu mgongoni. Akakiweka chini katikati, shemeji yake akiwa pale mstari wa mbele.

"Hii ndio iliua watoto ya Mweru," alisema. "Mimi niliwaweka humu, kwa jikoni yangu, nikifikiria nawasaidia. Kama kuna mwingine anafanya hivi na anaona haya kusema, aache leo. Si lazima aseme."

Hakuna aliyecheka. Baadaye, tukikusanya viti, wanawake wawili walinivuta kando, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kwa kunong'ona kama boksi la kadibodi, badala ya kikapu, nalo lina ubaya.

Nilihamishiwa Nanyuki, ambako wafugaji walilisha nguruwe mabaki ya chakula kutoka mahotelini na kambini. Huko niliingia jikoni mwa kila boma, nikatazama kama mabaki yanachemshwa kweli kuua vijidudu au yanasemwa tu kwamba yanachemshwa. Nilirudi Nyeri nikiwa Afisa wa Mifugo wa Tarafa mwenyewe, na kwa wasaidizi wangu nilikuwa kero, kwa sababu waliposema "ana homa" niliwauliza nini kingine. Siku ya kustaafu kwangu Mama Wangechi alikuja kwa mkongojo, akishikwa mkono na Wangechi, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wakubwa. Alikuwa ameniletea nduma. Zilikuwa ndani ya kile kikapu, na aliniambia nikae na vyote viwili.

Sasa naishi Gatitu, na nina nguruwe wangu watatu. Dawa siku hizi zinauzwa madukani kama peremende. Mtu ananunua nusu, anachoma sindano mwenyewe, nguruwe akipata nafuu anaacha, na bakteria waliobaki wanajifunza. Hilo linanikasirisha kuliko uzee. Dawa tulizozichunga kwa kamba na hesabu ya kichwa zimeanza kushindwa, na bado wengi hawafikirii nyasi kavu, fito za ukutani na maziwa ya kwanza.

Majuzi nguruwe wangu mmoja alikohoa nikamwita daktari mpya wa mtaa, kijana mpole mwenye viatu safi. Alimpima vizuri, akahesabu dawa vizuri. Nikamkaribisha sebuleni. Alipokuwa akipita uani alichungulia mlango wa jiko uliokuwa wazi, akasimama.

"Shosho, samahani. Hiyo kikapu ya chai inafanya nini hapo kwa moto, na Gatitu hakuna chai?"

Nilimtazama huyo mtoto wa watu nikatamani kumkumbatia. Nilifunga mlango wa sebule, nikamwambia ainamishe kichwa, tukaingia jikoni.